Kujitolea kukarabati ranchi ya kizamani: yaliyonikuta Wyoming

Mkuu, umeuliza kama mtu asiyejua useremala ana nafasi kwenye hizi kazi za kujitolea kukarabati ranchi za kale huko Marekani. Anayo. Mimi nilikwenda sijawahi kushika patasi.

Nilikaa wiki mbili White Grass, ndani ya hifadhi ya Grand Teton, Wyoming. Ranchi hiyo waliianzisha Harold Hammond na Tucker Bispham mwaka 1913 kwa ajili ya ng'ombe, baadaye ikaonekana wageni wa mjini wanalipa kuliko ng'ombe. Watu wakawa wanatoka mashariki ya nchi kuja kulala kwenye vibanda vya magogo, kupanda farasi na kujifanya makauboi. Ikaenda hivyo hadi 1985, alipofariki Frank Galey, mtoto wa kambo wa Hammond. Baada ya hapo vibanda vikakaa vitupu karibu miaka 20, na theluji ya kule haina utani. Ukarabati ukaanza 2005.

Siku ya kwanza hatukugusa gogo hata moja. Tulipambana na mavi ya panya. Usicheke. Panya wa huko wanabeba virusi vya hanta, vinavyoshambulia mapafu na vinaweza kuua, na ukifagia kavu unavivuta na vumbi. Kwa hiyo unavaa barakoa na glavu, unanyunyizia jiki sehemu moja kwa maji sehemu kumi, unasubiri dakika tano, ndipo unafuta. Kibanda kimoja kilitumalizia siku nzima.

Kwenye magogo, la chini kabisa ndilo huoza mapema, maana theluji hulala ubavuni mwake miezi kadhaa. Mnapiga jeki, mnainua kibanda kidogo kidogo huku mmetega masikio; kikilia vibaya, mnasimama. Gogo likiwa limekwisha kabisa linaingia jingine la msonobari uleule. Likiwa limeoza kipande tu, unatoa kile kipande na kutia kiraka.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilipewa patasi nitoe palipooza, nami nikataka shimo langu lipendeze, lenye pembe nne safi. Nikala mbao isiyooza karibu shibiri moja. Msimamizi wetu, mama mstaafu wa miaka sabini na kitu, hakufoka. Alichukua bisibisi akaichoma ukutani: ikizama, toa, ikigoma, acha. Kisha akainama, akaokota kile kipande nilichokikata, akakitia mfukoni. Kesho yake nikakikuta kimerudi ukutani kwa gundi, na ukiangalia haraka huoni kitu. Tangu siku ile nikawa natembea na bisibisi mfukoni kama daktari na kipimo chake.

Nilipata heshima kwenye kukandika. Mianya kati ya magogo huzibwa, na mimi kwa bibi Tanga nimekandika kuta tangu mtoto, najua udongo unavyotupwa ili ushike badala ya kupakwa kama siagi. Wenzangu wakaanza kuniita fundi! Mmoja aliuliza kwa nini tusipige saruji tupu tumalize. Ukweli ni kwamba mbao hutanuka na kusinyaa kila msimu, saruji haikubali, inapasuka, maji yanaingia na hayatoki, gogo linaozea ndani kwa ndani. Mafundi wa Mji Mkongwe wanaoshikilia chokaa kwenye kuta za mawe ya matumbawe watakuambia habari hiyohiyo.

Kuhusu posho: hakuna. Mimi nilipata chakula na mahali pa kupiga hema, basi. Wenzangu wengi walikuwa wastaafu, na walinishinda kuamka. Usiku ni baridi hata kiangazi, kwa hiyo beba sweta, na dawa ya mbu pia, mbu wa kule hawajui ustaarabu. Glavu nunua mwenyewe. Za pale zote zilikuwa za mapande ya watu, mimi nilifanya kazi siku mbili vidole vikiogelea.