Laptopu ya ofisini iliyotumika au ndogo mpya?

Kwa kuwa umeeleza kwamba utaandika tasnifu na kuchambua data, na kwamba bajeti yako inatosha laptopu ya ofisini iliyotumika au ndogo mpya, ningechukua iliyotumika. Nyingi kati ya hizo ndogo huja na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 iliyolehemewa kwenye ubao mama, isiyoweza kuongezwa, na hifadhi ya GB 64, ambayo Windows 11 humeza sehemu kubwa, ilhali laptopu ya ofisini kama ThinkPad T480 ya mwaka 2018 hufunguliwa kwa bisibisi na kuongezwa RAM hadi GB 32. Kabla ya kulipa, hakikisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) haina nenosiri la mmiliki wa awali, bonyeza kila kitufe, kisha linganisha uwezo wa sasa wa betri na ule wa kiwandani. Betri iliyochoka hubadilishwa, mradi bei ipunguzwe.