Sukari ya mtoto imepanda akiwa kwenye prednisoloni: niache dawa?

SWALI: Assalamu alaikum daktari. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Mwanangu wa kiume ana miaka sita, kilo 20. Wiki iliyopita alitokwa na vidoa vyekundu miguuni, na damu ya pua ikachelewa kukatika. Tulimpeleka Mombasa, wakapima wakasema chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zimebaki 9,000, kinga yake mwenyewe inaziua. Amepewa prednisoloni za miligramu 5, vidonge vinane kila asubuhi kwa siku saba. Leo ni ya nne. Mama mkwe ana kisukari na ana mashine yake. Jana saa kumi alasiri tulimpima mtoto, ikasoma 12.3. Leo kabla hajala, 5.0. Anakula kutwa na hasira hazimwishi. Jirani aniambia vidonge vinamtia kisukari, niviache. Nifanyeje? Na Jumamosi kuna harusi nyumbani, halwa haikosi. Nimnyime?

JIBU (mfamasia, Malindi): Wa alaikum salaam, dada yangu. Vidonge usiviache. Kesho asubuhi mpe kama ulivyoelekezwa, na leo hii mpigie daktari aliyemwandikia umtajie namba zote mbili. Kama humpati, nenda na mtoto hospitali ya kaunti hapo Lamu.

Vidonge vinane vinatisha, najua, lakini hesabu yake iko sawa: miligramu 2 kwa kila kilo, kilo 20, ni miligramu 40. Mtoto mzima ana chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika tone dogo kabisa la damu, mikrolita moja. Wako ana 9,000. Kinga huzitia alama kimakosa, mara nyingi baada ya homa au mafua ya virusi, na bandama inaziondoa. Prednisoloni inaipoza kinga hiyo. Ukiikatiza siku ya nne kwa sababu ya sukari, unamwacha bila ulinzi wakati damu yake bado haijui kuganda vizuri. Watoto wengi wenye maradhi haya hupona ndani ya miezi sita, na hayo si hemofilia, ule ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda.

Sasa sukari. Jirani hakukosea yote: steroidi, kundi la dawa lenye prednisoloni, hupandisha sukari. Hulifanya ini limwage sukari zaidi kwenye damu, na misuli ikawa haiitikii insulini ipasavyo. Anayemeza dozi moja asubuhi, sukari yake hupanda mchana na jioni, kisha usiku ikashuka. Ndiyo maana alasiri umeona 12.3 na alfajiri 5.0. Mashine haikukosea kwa tofauti hiyo, ndivyo dawa hii ifanyavyo. Wapo wanaopima asubuhi peke yake wakatulia, kumbe jioni sukari iko juu.

Lakini kabla ya kuiamini 12.3, niambie: alinawa mikono? Niliwahi kumpima mtoto dirishani kwangu, ikasoma 15. Nikamtazama vidole, vimenata tende. Tukamnawisha kwa sabuni, tukamkausha vizuri, ikasoma 7. Tone la damu ni dogo mno, na sukari iliyoganda kwenye ngozi inatosha kuiharibu namba. Mchome ubavuni mwa kidole, si katikati ya ncha, kisha ubane kwa pamba dakika tano kamili, maana huyu damu yake haikatiki upesi. Kila anayepimwa awe na sindano yake mpya, asichomwe kwa sindano ya bibi. Mara mbili kwa siku zatosha: kabla ya chai ya asubuhi, na saa mbili baada ya chakula cha mchana. Andika saa, alichokula na namba. Mtu akikushauri kipimo cha sukari ya miezi mitatu, hakitakufaa kwa sasa, kwa kuwa siku nne za dawa hazionekani humo.

Sukari iliyopandishwa na kozi fupi kama hii kwa kawaida hurudi chini dawa ikiisha. Namba zikiendelea kusoma 11 au zaidi, daktari ndiye ataamua kama apunguze dozi, abadilishe dawa au ampe insulini kwa muda. Usimpe kidonge cha sukari cha bibi yake, hata nusu. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi katika nyumba yenye mgonjwa wa kisukari.

Akianza kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, au kukojoa kitandani ilhali alishaacha, apimwe siku hiyohiyo. Akitapika, akaumwa tumbo, akapumua haraka kwa kina au akalegea kwa usingizi usio wake, usingoje boti ya asubuhi, mkimbize hospitali usiku huohuo. Vivyo hivyo akiumwa kichwa sana, akigonga kichwa, au akitoa choo cheusi. Homa na maumivu apewe parasetamoli, si aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Na kuruka baharini gatini na wenzake, wiki hizi hapana.

Njaa na hasira ni za dawa, mvumilie. Usimfungie chakula, ila badilisha anachoshibia: samaki, kunde, mayai, mchicha, wali kiasi. Soda, juisi ya pakiti, chai ya sukari nyingi na mabuyu ya sukari viondoke. Tena vidonge hivi ni vichungu, na akina mama wengi huvisaga wakavichanganya na asali au soda. Kama nawe hufanya hivyo, tumia ndizi iliyopondwa kijiko kimoja, baada ya kula.

Jumamosi atakuwa amemaliza au yu karibu kumaliza. Kama namba za Alhamisi na Ijumaa zimeshuka chini ya 10 na hana kiu, mkatie kipande cha halwa cha ukubwa wa kidole gumba, ale baada ya biriani, si kabla, kisha umnawishe mikono.