Maswali ya wasomaji: "Mambo ya wazungu" darasani

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni asistanti wa chuo hapa Bukavu. Nimepewa vipindi 6 vya saa 2 niwafundishe wanafunzi 60 wa mwaka wa kwanza ufeministi, yaani harakati za usawa wa wanawake na wanaume, na wanawake walioupigania. Kipindi cha kwanza nilieleza maana ya neno. Vijana wa nyuma wakacheka, "mambo ya wazungu", wasichana wakanyamaza kabisa. Nishike wapi?

JIBU: Mwalimu, neno hilo lina maadui kabla hujafungua kinywa. Liweke kando, shika sheria.

Toa fotokopi 30, karatasi moja kwa watu wawili. Upande mmoja uwe na ibara ya 448 ya Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987: mke apate kwanza ruhusa ya mume kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kufanya kazi yeye mwenyewe. Upande wa pili, ibara hiyohiyo baada ya marekebisho ya Julai 2016: mume na mke wakubaliane. Wasome kimya dakika 10, kisha uliza: mwaka 2010, muuguzi aliyeolewa akitaka kusaini mkataba wa kazi, alihitaji idhini ya nani? Halafu wafungue ibara ya 444, ambako mume amebaki kuwa mkuu wa nyumba mpaka leo. Watabishana. Waache, kwani sheria hiyo imetungwa Kinshasa, si Paris.

Kipindi kinachofuata kila mmoja aandike nani alifanya nini kwao jana, tangu saa 11 alfajiri hadi saa 3 usiku. Utakuta "mama hafanyi kazi", na mistari miwili chini, "mama yuko soko la Kadutu anauza fretini" (samaki wadogo). Usimcheke, mwambie ajumlishe saa. Karatasi zisiwe na majina, kwani umaskini wa nyumba huonekana humo.

Ndipo walete wanawake, watatu tu. Orodha ya mashujaa 20 wataikariri kama wanavyokariri kitenge cha 8 Machi, Siku ya Wanawake: rangi bila habari. Anza na Mkongomani Sophie Kanza: digrii ya Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, 1964, waziri Oktoba 1966. Chini yake andika ubaoni: Katiba iliyowapa wanawake kura, 1967. Usiseme kitu kwa dakika nzima. Kisha Funmilayo Ransome-Kuti na wanawake wa soko wa Abeokuta, Nigeria, waliokataa kodi mpaka mfalme wao akang'atuka 1949. (Alirudi baadaye, waambie na hilo.) Wa tatu ni Mfaransa Simone de Beauvoir: kitabu chake kuhusu hali ya wanawake, "Le Deuxième Sexe" (Jinsia ya Pili), kilitoka Ufaransa mwaka huohuo wa 1949. Wauza soko hawakukisubiri, na hapo kile kicheko cha nyuma kinajibiwa bila wewe kukigusa.

Kuhusu wasichana: usimwite mmoja "atuambie wanawake wanaonaje". Wazungumze wawiliwawili dakika 3, waandike, wewe usome karatasi. Na usiombe kamwe ushuhuda wa ukatili. Katika mji wetu huenda aliyekaa mstari wa tatu ameyapitia. Kabla ya kipindi chochote kinachogusa jambo hilo, uwe na jina la mshauri ambaye mwanafunzi anaweza kumwendea siku hiyohiyo.

Mtihani usiwe "fulani alizaliwa lini". Wape ibara ya 444, waiandike upya kwa mistari 5, kisha waitetee mbele ya jirani anayeipinga.