Ukiandika riwaya ya malkia wa kale, mpe kazi kwanza

Miswada mingi ninayoletewa kuhusu malkia wa kale huanza na wanja, shanga na mfalme anayemtazama. Ushauri wangu haubadiliki: kabla hujatuonyesha sura yake, tuonyeshe anaamua nini asubuhi hiyo.

Nimeandika sana juu ya Amanirenas wa Kushi, kwenye Sudani ya leo. Mnamo mwaka 25 KK jeshi la Kushi lilivamia Aswan, Elephantine na Philae, kusini mwa Misri iliyotawaliwa na Roma, likaangusha sanamu za Kaisari Augusto. Petronius, gavana wa Misri, akalipiza kwa kuuteketeza Napata, mji wa Kushi. Baadaye wajumbe wa Kushi walifika hadi kisiwa cha Samos wakaonana na Augusto mwenyewe, naye akawafutia kodi. Hapo pana riwaya nzima! Nani aliwateua wajumbe? Waliagizwa wakubali lipi, wakatae lipi? Nafaka ya askari ilitoka ghala gani? Waliosoma Matendo ya Mitume wanamkumbuka towashi aliyesimamia hazina ya Kandake, yaani malkia wa Kushi. Huyo ni wa miaka mingi baadaye, lakini anatuonyesha kwamba malkia hawa walikuwa na watumishi wa serikali. Waandike hao nao.

Habari za vita vile tunazipata kwa Strabo, Mgiriki aliyekuwa upande wa Warumi. Malkia anamtaja kwa maneno machache tu: mwanamke wa kiume, tena chongo. Chukua matukio yake, hukumu yake mwachie mwenyewe.

Halafu tafuta kitu kimoja kinachoshikika. Mwaka 1910 wachimbaji walikuta Meroe, mji mkuu wa Kushi, kichwa cha shaba cha Augusto, macho yake ya kioo na mawe yangali mazima, kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu. Kila aliyepanda alimkanyaga Kaisari. Sura yangu ya tukio hilo niliiandika kupitia kibarua anayechimba shimo, huku malkia amesimama juu yake akiuliza kama kina kinatosha. Ni swali moja tu, na linamweleza kuliko kurasa tatu za sifa.

La mwisho ni jikoni. Msomaji makini akikuta mahindi, mihogo au nyanya katika Meroe ya kale, hatakuamini tena hata ukisema kweli, maana mazao hayo yalitoka Amerika karne nyingi baadaye. Wapikie mtama, wape na maziwa ya ng'ombe.