Upele si umoja wa vipele

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza. Darasani kwangu watoto kadhaa wanajikuna kutwa, nikaandika tangazo kwa wazazi: "Baadhi ya wanafunzi wametokwa na vipele. Tunaomba wapelekwe zahanati." Muuguzi wa kijiji alipolisoma akakata neno "vipele" kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "upele". Nikamwambia, si yale yale, umoja na wingi? Akacheka tu. Nani yuko sahihi? Na ile ngozi ya juu ambayo vitabu vya sayansi vinaiita epidemisi, haina jina la kwetu?

JIBU: Muuguzi yuko sahihi, Mwalimu, ingawa nawe hukupotea sana. Kisarufi, upele uko ngeli moja na ufa, ukuta na unywele. Tunasema ufa na nyufa, ukuta na kuta, unywele na nywele. Basi ni upele na pele. Vipele ni wingi wa kipele, na kipele ni huyo upele aliyevikwa ki- ya udogo. Kwa hiyo undugu upo, ila ni wa mjomba na mpwa. Pele lenyewe halisikiki sana siku hizi; ukilitamka barazani watu watadhani unamsema yule Mbrazili wa mpira.

Wingi wake ulipofifia, upele ukajikuta umesimama karibu zaidi na maneno mengine yanayoanza na u-, yale ya hali na maradhi: ukoma, ukurutu, utapiamlo, upofu. Hapo ndipo ulipo leo. Anayesema "mtoto ana upele" ametaja ugonjwa mmoja, wenye chanzo chake na dawa yake. Anayesema "mtoto ana vipele" ameeleza tu alichokiona kwenye ngozi, na vipele vinaweza kuwa vya surua, vya tetekuwanga, vya mbu, vya sabuni iliyomkataa, au vya joto, ambavyo watu wa pwani huviita harara. (Mtu mwepesi wa hasira naye huambiwa ana harara. Aliyewahi kupita mwezi wa pili Tanga bila feni hatauliza sababu.)

Wahenga walilitumia neno kwa usahihi kuliko tangazo lako, uniwie radhi. Upele humwota asiye na kucha. Jaribu kuweka "vipele" mahali pake uone methali inavyopoteza makali. Uchungu wake wote umo katika mwasho usiovumilika na mtu hana cha kujikunia. Na kujikuna kwenyewe ni kitenzi kilekile cha kukuna nazi. Mama anayemtazama mwanawe saa nane za usiku, kucha zinakwenda kiunoni na katikati ya vidole mfululizo kama nazi juu ya mbuzi, hahitaji kamusi kujua kwamba hii si harara.

Usiku huo si wa bahati mbaya. Upele huletwa na kidudu mwenye miguu minane, asiyefika nusu milimita, ambaye jike lake huchimba vijishimo katika ngozi ya juu na kutaga humo. Mwasho huzidi usiku. Hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, hasa kwa wanaolala kitanda kimoja. Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba mtu anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, huku tayari anawaambukiza wenzake. Ndiyo maana dawa hupakwa nyumba nzima siku moja, anayejikuna na asiyejikuna. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha yake ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, kwa hiyo usidhani ni jambo la aibu la kwenu Muheza peke yenu.

Sasa rudi kwenye tangazo lako. Mzazi aliyesoma "vipele" ameona harara. Atampaka mtoto mmoja poda, au atanunua dukani krimu ya kila kitu, ambayo mara nyingi ina dawa ya kutuliza mwasho na haimuui kidudu. Ndugu zake wanne wataachwa. Baada ya mwezi mnaanza upya. Muuguzi alikata silabi moja, lakini ujue silabi hiyo ndiyo iliyobeba familia nzima.

Kuhusu epidemisi, neno hilo ni halali, na demisi ya chini yake pia. Mwanafunzi atayakuta kwenye mtihani, basi ayajue. Lakini usiamini kwamba Kiswahili kilikuwa kinangoja vitabu ili kiione tofauti hiyo. Mtu akijigonga ukutani ngozi ikatoka bila damu, tunasema amechubuka. Damu ikichuruzika, tunasema amejikata au amechanika. Mpaka kati ya vitenzi hivyo unakaribiana sana na mpaka wa matabaka yenyewe, kwa kuwa ngozi ya juu haina mishipa ya damu, na damu ikionekana jua umeshafika ya chini. Ngozi ya juu ikitoka vipande vipande baada ya ugonjwa, inabambuka. Ikiharibiwa na moto au mkorogo, imebabuka, na hapo hata sauti ya msemaji hubadilika.

Ukitaka kulifundisha jambo hili darasani, acha mchoro wa kitabuni kwanza, mtazame bibi harusi. Hina ya mikononi mwake inang'aa siku ya nikahi, na wiki mbili tatu baadaye imefifia bila kufutwa na mtu. Imekaa kwenye tabaka la juu, ambalo seli zake hufa, hupukutika na kufuatwa na nyingine. Ngozi yote ya juu hujifanya upya kwa takribani wiki nne. Chale za mganga, kinyume chake, mzee huzikwa nazo. Zilipita ngozi ya juu zikaacha kovu katika ile ya chini. Mimi kwa matumizi ya kawaida huandika "ngozi ya juu" na "ngozi ya ndani", na sijawahi kupata malalamiko.

Kwa kuwa umeifungua mada, niseme na haya mawili. Nimewahi kukuta kijikaratasi cha afya kikionya juu ya "minyoo ya pete" kichwani mwa watoto. Mfasiri alikuwa ametafsiri jina la kigeni neno kwa neno, na wazazi bila shaka walikwenda kutafuta dawa ya minyoo. Hakuna mnyoo pale. Ni kuvu, fangasi kama wengi wanavyosema. Ya kichwani tunayo mapunye, ya mwilini tunayo choa. Kutenganisha majina hayo kuna faida yake pia, maana mapunye kwa kawaida hudai dawa ya kumeza, kwa vile kuvu imeshaingia kwenye shina la nywele, ilhali choa nyingi hupona kwa dawa ya kupaka.

Na "pumu ya ngozi", ambayo wasafishaji wa lugha huinunia wakisema pumu ni ya kifua na neno letu ni ukurutu. Ukurutu ni neno zuri, litumieni. Lakini aliyebuni pumu ya ngozi hakukosea. Maradhi hayo mawili ni ndugu kweli; hukaa katika familia zilezile, na mtoto aliyeanza na ngozi kavu inayowasha viwikoni na nyuma ya magoti anaweza baadaye kukohoa na kubanwa kifua. Jina hilo linampa mzazi habari nyingine muhimu bila kumhubiria: hakuna aliyewahi kuambukizwa pumu. Mtoto mwenye pumu ya ngozi asitengwe dawati. Mwenye upele atibiwe pamoja na jirani yake wa dawati.

Tangazo lako ningeliandika hivi: "Mzazi mpendwa, baadhi ya wanafunzi wa darasa la pili wamepatikana na upele. Ugonjwa huu unaambukiza. Tafadhali fika zahanati na watoto wako wote, hata wasiojikuna, mpewe dawa ya kujipaka wote wa nyumba moja siku moja. Fua nguo na mashuka siku hiyohiyo kwa maji ya moto, uyaanike juani." Angalia upatanisho wako: upele unaambukiza, vipele vinawasha. Na umpelekee muuguzi alisome kabla hujalibandika; kalamu yake nyekundu bado ina wino.