Tuunganishwe, lakini Suswa isibebe yote

Mhariri ameuliza wiki hii kama Kenya iimarishe muungano wa gridi yake, yaani mtandao wa kusafirisha umeme, na za majirani ili nishati jadidifu, ile isiyokwisha kama ya upepo na maji, ipate nafasi zaidi. Swali linalonikereketa ni jingine kidogo: tukishaunganishwa, laini moja ikikatika, ni nani atakayebaki gizani?

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipozimika, dada yangu wa Ruai alikuwa na mashine ya kuangulia vifaranga iliyojaa mayai ya wateja, mengine yakiwa yameanza kutoboka. Tuliifunika kwa mablanketi, tukachemsha maji kwenye jiko la makaa, tukayatia katika chupa na kuzipanga chini ya trei, tukizibadilisha kila zilipopoa. Dada alisoma kipimajoto kwa tochi ya simu na kutukataza kufungua mlango ovyo, maana kila ulipofunguliwa joto lilitoka. Kuelekea alfajiri aliliweka yai moja sikioni, akasikia kifaranga akilia ndani, akalirudisha bila kusema neno. Umeme uliporudi, vifaranga wengi walikuwa wamefia ndani ya maganda, na wateja wakarudishiwa fedha zilizokuwa zimetengwa kwa karo.

Ndiyo maana nilishika kalamu nikitaka kupinga. Laini ya kilovoti 500 kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, inaishia Suswa, kituo kikubwa cha kupokelea na kugawia umeme; umeme wa upepo wa Loiyangalani, megawati 310, nao unapitia Suswa. Tarehe 6 Septemba 2024 laini ya Loiyangalani ilipokatika, ya Ethiopia ikafuata, na sehemu kubwa ya nchi ikazimika tena.

Lakini kadiri ninavyoandika, ndivyo ninavyoona ugumu wa kukataa. Upepo huo wa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, huvuma kwa nguvu usiku, Nairobi ikiwa imelala, na mvuke wa ardhini unaozalisha umeme Olkaria huachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji, ilhali mapema jioni, kila nyumba ikiwa imewasha taa, tunachoma mafuta. Nyanda za juu za Ethiopia hupata mvua kubwa kati ya Juni na Septemba, wakati masika yetu yamekwisha na bwawa letu la umeme la Masinga halipati maji mengi. Tangu mwisho wa 2024 tumeungana na Tanzania pia, kwa laini ya kutoka Isinya, kusini mwa Nairobi, hadi Singida. Ziada ya mmoja inaweza kuwa chakula cha jioni cha mwingine.

Kwa hiyo nasema tuunganishwe, mradi umeme wa Ethiopia upate njia nyingine ya kuingilia mbali na Suswa, na betri kubwa za akiba ziwekwe karibu na jiji. Laini mpya zikitangulia na akiba ikasahauliwa, nitakuwa upande wa wanaosema tungoje.