Mteremko wa Mwanga ulinifichia ugonjwa wa stata

Kwa miezi kama minne sikuwa nawasha gari langu kwa ufunguo. Naishi Mwanga, na anayeijua Kigoma anaujua mteremko unaoshuka kutoka huku kwetu hadi stesheni. Nilikuwa naegesha pua ikitazama ziwa. Asubuhi naachia handbreki, gari linajikokota lenyewe, natia gia ya pili, naachia klachi, linanguruma. Ni Corolla ya zamani, gia za mkono. Nikajiona mjanja.

Ujanja ukaishia Kibirizi. Nilishuka kufuata dagaa, nikaegesha mchangani karibu na mitumbwi. Kurudi, nikazungusha ufunguo: ta. Nikarudia: ta. Mteremko haupo, na gari lenyewe limezamisha matairi. Vijana wanne wakalisukuma hadi kwenye ardhi ngumu, nikawatoa soda, na mama aliyeniuzia dagaa akanisindikiza na maneno: "Baba, vya kusukuma tunavyo vingi hapa. Hicho usituletee tena."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki mbili kabla nilikuwa nimeshanunua betri mpya. Fundi mmoja alisikia ile "ta" akasema betri imekufa, nami sikubisha. Laki mbili na ushee zikaenda, ugonjwa ukabaki palepale. Mita ya kupimia umeme ya shilingi elfu kumi na tano ingenieleza ukweli kwa dakika tano.

Kwa hiyo, kabla hujashika spana, sikiliza. "Ta" moja nzito na taa za dashibodi zisififie, mtuhumiwa ni stata, yaani ile mota ndogo inayoizungusha injini ukiwasha, au waya mnene unaoilisha. "Tatatatata" ya mfululizo huku taa zikizimika, hapo kweli anza na betri na vichwa vyake. Ule unga wa kijani na mweupe unatoka kwa maji ya moto na msasa, na mara nyingi ugonjwa unaishia hapo. Ukisikia mota inazunguka peke yake, zzzz, injini imelala, basi bendiksi, ile gia ndogo ya stata, haiumi meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Na kukiwa kimya kabisa, tazama fyuzi, relei na ule waya mwembamba unaotoka kwenye suichi. Wenye gari la oto wasukesuke kwanza gia kwenye P na N kabla hawajaita mtu.

Halafu pima. Betri iliyojaa na kutulia inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 iko nusu. Mwambie mtu apige stata huku unatazama mita. Stata ya injini ndogo ya petroli hunywa zaidi ya ampea 100 kwa mkupuo, hivyo volti lazima zishuke. Zikibaki 10 na kitu, injini ikazunguka vizuri, huna tatizo. Zikianguka chini ya 9.6, betri imechoka, au stata imekaza na inakunywa kupita kiasi. Yangu ilisoma 12.5 na ikapigwa ikasoma 12.4. Yaani stata ilisema "ta" lakini haikunywa cha maana. Nikaweka ncha ya mita kwenye nati kubwa ya stata yenyewe: umeme umefika. Basi mlango umefungwa ndani ya stata.

Hapo nikafanya kosa la pili. Nilipiga simu Dar, Kariakoo, nikasema "nataka stata ya Corolla", nikatuma pesa. Sisi tuko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka huko, na kitu kikija kwa basi hukirudishi kama unavyorudisha shati dukani. Ilipofika, meno ya gia yake hayakuwa sawa na ya yangu. Fungua ya zamani kwanza. Hesabu meno, linganisha matundu ya bolti, piga picha kibandiko chenye namba na kilowati, ndipo upige simu.

Kazi yenyewe niliifanyia Ujiji kwa shemeji, maana ana kiwanja tambarare chini ya mwembe. Kwangu kuna mteremko, na mteremko na jeki havikai nyumba moja. Nikaweka gari kwenye stendi mbili, vile vyuma vya kubebea gari, magurudumu ya nyuma nikayazuia kwa mawe. Usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia tu.

Cha kwanza kabisa ni kutoa waya wa hasi kwenye betri, spana namba 10. Msiuruke huu mstari. Waya mnene wa chanya unatoka betri hadi stata moja kwa moja, kwenye magari mengi kama langu bila fyuzi yoyote njiani, na uko hai hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana yako ikigusa ile nati na chuma cha injini kwa pamoja, inageuka chombo cha kuchomelea, na mkono wako umeishikilia.

Baada ya hapo ni nati ya waya mnene (yangu namba 12), soketi ya ule waya mwembamba, kisha bolti mbili zinazoishika stata kwenye gia boksi, namba 14. Ya chini ilitoka kwa dakika mbili. Ya juu ilinila saa nzima na ushee, na siioni hata leo. Naijua kwa vidole tu. Niliipaka dizeli jioni, nikalala, asubuhi nikachomeka bomba kwenye mkono wa spana kuongeza urefu. Ikalia kama mlango wa zamani, ikakubali. Unapotoa bolti ya mwisho, mkono mwingine uwe umeibeba stata. Ni kilo kama tatu na kitu, na mimi iliniangukia kifuani. Watoto waliokuwa wakichungulia walicheka sana.

Stata ya zamani ikiwa mkononi, usikimbilie kuitupa. Nyingi za Toyota ni za Denso, na ndani ya solenoidi, kile kichwa cha nyuma kinachofungwa kwa skrubu chache, kuna vipande viwili vya shaba. Ukizungusha ufunguo, chuma cha katikati kinasukumwa kuvigusa vyote viwili, na hapo ndipo umeme wote unapopita. Kila ukiwasha, cheche inakula kidogo. Kimoja changu kilikuwa kimelika mpaka chuma kinagonga, ta, bila kukigusa. Ugonjwa wa miezi minne, betri ya laki mbili, vijana wanne wa Kibirizi: kipande cha shaba kidogo kuliko kidole gumba. Fundi wa kusuka mota hapa Mwanga alinipa viwili kutoka kwenye stata mbovu, kwa elfu ishirini. Ile ya Kariakoo ikapanda basi kurudi, nauli juu yangu.

Ila ukifungua ukakuta harufu ya kuungua, waya za ndani nyeusi, au meno ya gia yamevunjika, nunua nzima. Kaboni, vile vijiwe vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka, zikiwa zimeisha peke yake zinabadilishwa. Gari linalokubali baada ya kuigonga stata kwa kipini cha nyundo mara nyingi linalalamikia kaboni au hizo shaba, na kugonga kutakufikisha nyumbani, si zaidi.

Wakati wa kurudisha, sugua kwa msasa pale stata inapokaa kwenye gia boksi. Stata nyingi za magari madogo hazina waya wake wa hasi. Hasi yake ni mwili wake. Ukiifunga juu ya kutu na matope, umeifungia nusu ya umeme nje. Kaza bolti zote mbili, rudisha kofia ya mpira juu ya nati ya chanya, na waya wa hasi wa betri uwe wa mwisho. Gia huru, handbreki juu. Usipige zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ikigoma, ipumzishe kwanza, maana stata ikichemka inaungua kweli.

Yangu iliwaka kwa mzunguko mmoja. Shemeji alikuwa anakunywa chai, hakunyanyua hata kichwa.

Bado naegesha pua ikitazama ziwa. Mazoea. Na mara moja moja nikipita Kibirizi, mmoja wa wale vijana hunipungia mkono, anaonyesha kwa mikono yote miwili ishara ya kusukuma, kisha anaulizia soda.